Treni za Mzunguko za Osaka na Tokyo: Watu Wanavyodhani na Mambo Yalivyo

Tarehe 3 Oktoba 2017, treni ya aina ya 103, iliyopakwa rangi ya machungwa mwili mzima, ilifanya kazi yake ya mwisho kwenye Reli ya Mzunguko ya Osaka. Aina hiyo ilianza kubeba abiria hapo mwaka 1969. Hiyo ni miaka 48 ya kuzunguka jiji, kwenye njia ya kilomita 21.7 yenye stesheni 19. Juni 2019 mwenzake wa aina ya 201 naye akaondolewa, na kazi ya kuzunguka ikaachiwa aina mpya ya 323.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua Japani zaidi kupitia magari yake yaliyotumika. Kwa hiyo tukisikia Wajapani wamebadilisha treni, tunakimbilia majibu ya magari: zilikuwa zimechoka, wamenunua zenye kasi zaidi, na zile kuukuu ziko bandarini zinasubiri meli. Mengi kati ya hayo si kweli, au ni kweli nusu. Na sababu kubwa kuliko zote, ambayo karibu hakuna anayeitaja, ni mlango.

"Ziliondolewa kwa sababu zilikuwa mbovu"

Umri ulikuwepo, hilo halibishaniwi. Lakini treni inaweza kufumuliwa na kutengenezwa upya mara nyingi, na hizi zilitengenezwa. Tatizo la 103 lilikuwa namna ilivyokula umeme. Ili dereva aiongeze kasi polepole, umeme ulipunguzwa nguvu kwa kupitishwa kwenye vyuma vilivyofungwa chini ya sakafu, vikachemka, na joto hilo likapotea hewani. Wakati wa kufunga breki hali haikuwa tofauti: nguvu yote ya treni nzito inayokimbia iligeuka kuwa joto.

Sasa fikiria njia ambayo stesheni zake zimeachana kilomita moja na kidogo. Treni inaondoka, inashika kasi, inapunguza, inasimama, mara 19 kwa kila mzunguko wa dakika 40 hivi. Kila kusimama ni umeme uliomwagwa. Aina ya 323 ikifunga breki, mota zake zinageuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye waya wa juu, na treni nyingine inayoondoka stesheni ya karibu inautumia umeme huohuo. Mota zenyewe hazina kaboni za kulika na kubadilishwa. Bodi ni ya chuma kisichoshika kutu, haihitaji kupakwa rangi nzima kila baada ya muda. Machungwa yamebaki kama nakshi tu. Tena mabehewa yote 8 yana mota, hivyo moja ikizima, treni haikwami njiani.

Hata hivyo maelezo hayo hayatoshi. Aina ya 201, iliyozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 dunia ikiwa imeshaonja uchungu wa bei ya mafuta, ilikuwa tayari inaweza kurudisha umeme wakati wa breki. Mbona nayo iliondolewa Osaka?

"Treni mpya ya mjini lazima iwe na milango mingi zaidi"

Hapa ndipo penyewe. Aina za 103 na 201 zilikuwa na milango 4 kila upande wa behewa. Aina ya 323 ina 3. Kwa njia inayojaa watu asubuhi, hatua hiyo inaonekana ya kurudi nyuma, na wengi waliilaumu hivyo kabla ya kuielewa.

Kwanza lazima tuondoe wazo kwamba kila treni kwenye reli ya mzunguko inazunguka tu. Osaka sivyo. Ndani ya duara lile hupita pia treni za haraka zinazotoka Nara, zinazotoka Wakayama, na zile za uwanja wa ndege wa Kansai. Zinaingia kupitia stesheni ya Tennoji, zinapita upande wa magharibi, zinafika stesheni ya Osaka, na nyingi zinaendelea hadi zimefunga duara. Hizo zote zina milango 3. Basi kwenye jukwaa moja abiria alikuwa anapanga foleni kwenye alama za milango 4, treni inayofuata inakuja na milango 3, watu wanahama huku na huku wakisukumana pembeni kabisa ya reli. Dakika chache baadaye inakuja ya milango 4, wanahama tena.

Kusogea huko si usumbufu mdogo. Na kuna jambo zito zaidi: ukuta wa jukwaani, ule wenye milango inayofunguka treni ikishasimama, hauwezi kuwekwa kirahisi mahali ambapo milango ya treni haikutani na milango ya ukuta. Ukitaka kumkinga abiria asianguke relini, sharti treni zote zikubaliane pa kufungukia. Osaka walichagua 3, kwa sababu treni za mbali zilikuwa nyingi na tayari zilikuwa hivyo. Kwa kuwa walijua behewa la 8 hubanana kuliko mengine, walilipanulia nafasi ya kusimama karibu na milango.

Nadhani uamuzi ule ulikuwa sahihi, na nasema hivyo nikiikumbuka stesheni ya Shin-Okubo, kwenye mzunguko mwingine, ule wa Yamanote jijini Tokyo. Jioni ya tarehe 26 Januari 2001 mtu mmoja alianguka kutoka jukwaani. Wawili wakaruka kumwokoa: Lee Soo-hyun, mwanafunzi kutoka Korea Kusini, na Sekine Shiro, mpiga picha Mjapani. Treni ikafika. Wote 3 walikufa. Majukwaa ya wakati ule yalikuwa wazi kabisa, na kwa mtu asiyeona kila jukwaa la namna hiyo ni ukingo wa shimo.

Yamanote walifika kwenye jibu lilelile la Osaka wakitokea upande mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wameanza kuunganisha mabehewa yenye milango 6 kila upande ili watu washuke upesi. Viti vyake vilikunjwa na kufungwa hadi saa nne asubuhi, yaani katika msongamano wa asubuhi hakuna aliyekaa. Ilikuwa akili nzuri kwa shida ya wakati ule. Lakini ukuta wa jukwaani ulipoanza kuwekwa stesheni za Ebisu na Meguro mwaka 2010, mabehewa hayo yakawa kikwazo. Kufikia mwaka 2011 yote yalikuwa yameondolewa Yamanote na kubadilishwa kwa ya milango 4. Yalikuwa bado machanga, hayakufika hata miaka 10 katika treni zile. Anayedhani treni huondolewa kwa uzee tu aanze kujiuliza hapo.

"Mpya inakwenda kasi zaidi"

Abiria wa mzunguko hahisi tofauti kubwa. Muda mwingi wa safari unaliwa jukwaani, watu wanaposhuka na kupanda. Yamanote ina kilomita 34.5 na stesheni 30, na mzunguko mmoja unachukua saa moja hivi.

"Mpya haisumbui"

Tarehe 30 Novemba 2015 treni ya kwanza ya aina ya E235 ilianza kubeba abiria Yamanote, ikisubiriwa kwa hamu kubwa. Siku hiyohiyo ilishindwa kusimama sawasawa kwenye alama za stesheni, kisha kule stesheni ya Osaki milango ikaleta hitilafu. Ikatolewa njiani. Kosa lilikuwa kwenye programu za kompyuta za kuendesha treni, si kwenye vyuma. Ilirudi tarehe 7 Machi 2016, baada ya miezi 3 na siku kadhaa za kurekebishwa na kujaribiwa bila abiria. Uvumilivu huo naupenda kuliko sifa yoyote ya treni yenyewe: waliitoa mara moja, hawakuilazimisha iendelee kwa kuogopa aibu.

"Kuukuu zote zinauzwa nje"

Nyingi zinakatwa vyuma chakavu. Nyingine zinahamishiwa njia nyingine hukohuko Japani, na kuhama huko kunafanana na ndugu wanaorithishana nguo. E235 zilipoingia Yamanote, zilizotoka, aina ya E231-500, zilikwenda njia ya Chuo-Sobu. Zilizokuwa Chuo-Sobu, nyingi zilikwenda njia ya Musashino. Zilizokuwa Musashino, aina ya 205, ndizo zilizopandishwa meli kwenda Jakarta: mabehewa 336, kati ya mwaka 2018 na 2020. Abiria wa Jakarta alipata treni kwa sababu Tokyo ilinunua mpya, ila si ile iliyotoka Yamanote siku ile.

Jakarta ilipokea treni za Japani tangu mwaka 2000, ilipopewa mabehewa 72 na reli ya chini ya ardhi ya jiji la Tokyo. Lakini usidhani mlango huo uko wazi milele. Mwaka 2023 serikali ya Indonesia ilikataa kuingiza treni nyingine zilizotumika, na kampuni ya treni za abiria za Jakarta ikaagiza mpya kutoka kiwanda cha nchini humo na kutoka China.

Swali linalofuata nimelisikia mara nyingi: kwa nini zisije Dar es Salaam au Nairobi? Jakarta ilifaa kwa sababu reli zake zina upana wa milimita 1,067 kama za Japani, na waya wake wa juu una volti 1,500 kama kule. Reli ya zamani ya kati Tanzania ina milimita 1,000. SGR ya Tanzania ina 1,435 na umeme wa volti 25,000 wa aina nyingine kabisa. TAZARA ndiyo yenye 1,067, upana uleule wa Japani, lakini haina waya hata mmoja. Inakwenda kwa dizeli. Kenya ilipotafuta treni zilizotumika kwa abiria wa Nairobi, mwaka 2020 ilinunua 11 za dizeli kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako reli ni za milimita 1,000 kama zile za kwao. Treni ya mtumba hununuliwa kwa kipimo cha reli kwanza.

"Wajapani hutengeneza treni za kutupa"

Dhana hii ina chanzo. Aina ya 209, iliyoanza kazi mwaka 1993, ilibuniwa kwa kauli ya nusu uzito, nusu bei, nusu umri. Watu wakaibeza kuwa ni kama kamera ya kutumia mara moja na kutupa. Ilipoondolewa njia ya Keihin-Tohoku mwaka 2010, sehemu yake ilifungwa vifaa vipya na kupelekwa rasi ya Boso, karibu na Tokyo, ikaendelea kubeba wanafunzi na wakulima.

Na ukipanda E235 leo pale Shibuya au Ueno, ingia behewa la 10. Katika treni nyingi behewa hilo si jipya. Ni mojawapo ya yale yaliyotengenezwa kuziba nafasi ya mabehewa ya milango 6, na lilipokuwa bado na umri mdogo likatolewa kwenye treni iliyokuwa ikihama, ndiyo maana ile ya mabehewa 11 ilikwenda Chuo-Sobu ikiwa na 10. Ukilitazama kutoka jukwaani utaona milango yake haikupangwa kwa nafasi sawa na ya wenzake. Ilisogezwa makusudi, ili ikutane na milango ya treni za Keihin-Tohoku siku zitakapolazimika kupita kwenye reli ileile na kusimama mbele ya ukuta uleule.