Kwa nini kompyuta huganda ikiwa imepumzika, ilhali prosesa ni mpya?

Umetoa prosesa ya zamani, umeweka mpya, kompyuta imewaka bila ubishi. Umecheza gemu saa mbili mfululizo, umehariri video, feni zimevuma na hakuna lililoharibika. Ukaiacha inawaka, ukaenda kula. Unarudi, saa ya pembeni mwa skrini imesimama kwenye dakika uliyoondokea, kishale hakisogei, kibodi haiitikii. Unaizima kwa kushikilia kitufe, unaiwasha, inafanya kazi vizuri kabisa. Mpaka utakapoiacha tena.

Wengi hapo hukimbilia joto. Wanafungua kasha, wanafuta pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, wanapaka nyingine, wanaongeza feni. Katika kisa hiki joto ni mshukiwa dhaifu, kwa sababu kompyuta isiyo na kazi ndiyo iliyo baridi kuliko zote. Isitoshe, prosesa za siku hizi hujilinda zenyewe. Zikikaribia kikomo chao, ambacho kwa nyingi ni kati ya nyuzi 95 na 105, hupunguza kasi. Joto likizidi kupanda hata hivyo, mashine huzimika ghafla. Ukiona kompyuta imekuwa nzito au imezimika katikati ya kazi, fikiria joto. Kuganda huku skrini inawaka ni habari nyingine, na jambo la kuuliza kabla ya kushika bisibisi ni moja: inaganda wakati gani?

Tuanze na hilo la kuganda kwenye mapumziko, maana ndilo linalowachanganya hata mafundi.

Prosesa isiyo na kazi hulala, na usingizi wake una ngazi. Ngazi hizo hupewa herufi C na namba. Kwenye C1 kiini, yaani kimoja cha vitengo vinavyofanya kazi ndani ya prosesa, kinasimama tu, umeme wake upo pale pale. Kwenye C6 mambo ni mazito: kiini kinahifadhi pembeni kila kilichokuwa kinashughulikia, kisha umeme wake unakatwa karibu wote. Ukigusa kipanya, umeme unarudi, yaliyohifadhiwa yanasomwa upya, na kiini kinaendelea pale kilipoachia. Safari hiyo ya kwenda na kurudi haimalizi hata sehemu ya elfu moja ya sekunde, na hufanyika tena na tena wakati wewe unasoma tu ukurasa wa gazeti kwenye skrini. Kwa maneno mengine, mashine inayoonekana haifanyi chochote inawasha na kuzima viini vyake bila kukoma.

Sasa fuata waya hadi kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Mwaka 2013 Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha Haswell, usingizi mzito ulikuwa umeboreshwa kiasi kwamba pawa saplai ilitakiwa iweze kutulia hata prosesa ikivuta ampea 0.05 tu kwenye njia ya volti 12. Zidisha: ni wati 0.6. Kabla ya hapo kiwango cha chini kilichotarajiwa kilikuwa ampea 0.5, mara kumi zaidi. Pawa saplai nyingi zilizokuwa madukani hazikuwahi kutengenezwa zikiwaza mteja anayekunywa kidogo namna hiyo, na ndiyo maana muda si mrefu makasha yake yakaanza kuandikwa kwamba ya ndani inaendana na Haswell.

Tatizo lilikuwa hasa kwenye zile za bei nafuu, ambazo husimamia njia ya volti 12 na ya volti 5 kwa pamoja badala ya kila moja kivyake. Prosesa ikilala, volti 12 inabaki karibu bila mzigo. Diski na vifaa vya USB bado vinavuta volti 5, inashuka kidogo, pawa saplai inasukuma ili kuipandisha, na kwa kuwa njia hizo mbili zimefungwa pamoja, volti 12 inapanda nayo. Kinachoruhusiwa ni asilimia 5 juu au chini, yaani kati ya volti 11.4 na 12.6. Halafu ghafla kiini kinaamka na kutaka umeme mwingi mara moja. Ni kama kumwamsha mtu aliyelala fofofo na papo hapo kumtwika gunia la mkaa. Akipepesuka kidogo tu, kiini kinaamkia kwenye umeme usiotulia, kinasoma vibaya au kinakwama, na kompyuta nzima inasimama nacho.

Yaliyotokea kwa Haswell yalijirudia kwa AMD, mshindani wa Intel. Prosesa zake za kwanza za Ryzen zilitoka Machi 2017, na kabla mwaka haujaisha watumiaji wa Linux walikuwa wakilalamika kwamba mashine zao zinaganda zikiachwa usiku, ilhali mchana zinachapa kazi nzito bila shida. Wengine waligundua kwamba wakifunga C6, ugonjwa unapona. Baadaye mazabodi, zile bodi kuu zinazobeba prosesa, zikaongezewa kwenye BIOS (programu ndogo ya bodi inayoiwasha kompyuta) setingi iitwayo "Power Supply Idle Control". Ukiiweka kwenye "Typical Current Idle", prosesa inazuiwa isishuke kwenye uvutaji mdogo kupita kiasi. Mara nyingi utaikuta ndani ya menyu ya AMD CBS, na gharama yake ni wati chache zaidi kompyuta ikiwa imepumzika. Kwenye mashine za Intel tafuta setingi za C-State na uzime C6 na C7.

Binafsi naiona setingi hii kama kipimo kizuri kuliko kuwa dawa ya kudumu. Kuganda kukikoma baada ya kuibadilisha, umejua ugonjwa uko kwenye njia ya umeme, na pawa saplai ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Hili linawahusu sana watu wa huku kwetu wanaonunua dekstopu za ofisi zilizokwisha kutumika ughaibuni. Unakuta mashine imekuja na Core i3-3220 ya wati 55, mtu anaipandisha hadi Core i7-3770 ya wati 77, soketi ni ile ile, kila kitu kinaingia sawa. Lakini pawa saplai ina miaka kumi na zaidi, kapasita zake zimekauka kwa joto na vumbi, na hakuna aliyeifikiria kwa sababu haikuguswa.

Kuna namna nyingine ya kuganda kwenye kazi nyepesi, nayo haihusiani na pawa saplai. Wengi hudhani prosesa hufika kasi yake ya juu kabisa inapobebeshwa kazi kubwa. Ni kinyume. Ryzen 5 5600X, kwa mfano, ina kasi ya msingi ya GHz 3.7, na ile GHz 4.6 iliyoandikwa kwenye kasha huifikia pale kiini kimoja au viwili tu vinapofanya kazi na vingine vimepumzika. Kwa hiyo mtu aliyepunguza volti ili prosesa isipate moto anaweza kufaulu jaribio zito la saa nzima, kisha kompyuta ikaganda anapofungua kivinjari. Jaribio zito halikuwahi kuigusa kasi hiyo ya juu. Na usiseme wewe hukupunguza chochote: baadhi ya BIOS hubaki na volti au kasi iliyopangwa kwa mkono kwa ajili ya prosesa ya zamani. Rudisha setingi za kiwandani. BIOS ikigoma, zima, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya mviringo ya CR2032 dakika chache, kisha irudishe.

BIOS yenyewe ina jambo kubwa zaidi. Prosesa hutoka kiwandani ikiwa na makosa, zote, na sehemu ya makosa hayo hurekebishwa kwa maelekezo madogo yanayopakiwa ndani yake, yaitwayo mikrokodi. Prosesa haiwezi kuyakumbuka. Umeme ukizimika yanafutika, na kila ukiwasha ni lazima BIOS au Windows au Linux iyapakie upya. Mazabodi iliyotoka mwaka 2018 haiwezi kuwa na mikrokodi ya prosesa ya 2020 kama hakuna aliyeisasisha. Mara nyingi haitawaka kabisa, na hapo angalau unajua. Kinachosumbua ni toleo la BIOS la katikati, linaloijua prosesa kwa jina lakini likiwa na marekebisho ya mwanzo mwanzo. Kompyuta inawaka, inafanya kazi, inaganda bila mpangilio.

Sasisha BIOS kabla ya kutoa prosesa ya zamani. Na usiifanye kazi hiyo bila UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, au siku ambayo umeme wa mtaani unakatika katika. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, mazabodi nyingi hubaki mfu mpaka fundi aiandike upya chipu ya BIOS. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows, nakili ufunguo wake wa kuokolea kwanza, kwa sababu prosesa mpya inaweza kuja na ujumbe wa kufuta TPM, hifadhi ya usalama inayotunza funguo za siri, na baada ya hapo Windows itakuuliza ufunguo huo.

Hiyo TPM nayo imewahi kuwa mkosaji. Machi 2022 AMD ilikiri kwamba kwenye baadhi ya mashine za Ryzen zenye Windows 10 na 11, TPM iliyo ndani ya prosesa ilikuwa inachelewa kusoma na kuandika kwenye chipu ya kumbukumbu iliyoko kwenye mazabodi, na kompyuta ikawa inakwama kwa muda mfupi kisha inaendelea. Dawa ilikuja kupitia BIOS mpya. Ukiona kompyuta inasita, sauti inakatika, kisha mambo yanarudi yenyewe, angalia hapo kabla ya kulaumu RAM.

Lakini RAM haiko salama. Zamani kidhibiti cha RAM kilikaa kwenye mazabodi. AMD walikihamishia ndani ya prosesa mwaka 2003 kwa Athlon 64, Intel wakafuata 2008. Tangu hapo kubadilisha prosesa ni kubadilisha kidhibiti cha RAM pia. Vipande vile vile vilivyotulia kwa miaka mitatu vinaweza kumshinda mgeni, hasa kama XMP, ile setingi ya BIOS inayoongeza kasi ya RAM, imewashwa na kasi imezidi ile ambayo prosesa imeahidiwa rasmi. Zima XMP, endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha. Kosa hata moja halikubaliki.

Na mkono wa aliyeifunga usisahauliwe. Soketi ya LGA1155 ina pini 1,155 nyembamba kama unywele. Moja ikipinda, au hitisinki, kile chuma cha kupoozea prosesa, ikikazwa upande mmoja kuliko mwingine, prosesa inaweza kuwaka huku mgusano wa RAM ni wa kubahatisha. Dalili mojawapo ni kompyuta kuona nusu ya RAM uliyoweka.

Kujua kama imeganda kweli au skrini tu ndiyo imekufa, bonyeza Caps Lock na utazame taa yake. Taa hiyo huwashwa na mfumo wenyewe, si na kibodi. Ikibadilika, Windows au Linux bado iko hai, na tatizo huenda ni la kadi ya picha au diski. Kwenye Windows jaribu Ctrl, Shift, alama ya Windows na B kwa pamoja, ambayo huwasha upya draiva ya picha. Taa ikigoma, na kama kulikuwa na muziki sasa spika zinarudia kipande kifupi cha sauti bila kukoma, basi prosesa imesimama: kadi ya sauti inaendelea kucheza kile kidogo ilichoachiwa, hakuna wa kuiletea kingine. Ndiyo maana pia usitarajie kumbukumbu nzuri ya tukio. Ile Kernel-Power 41 utakayoikuta kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, iliandikwa ulipowasha tena, na inachosema ni kwamba kompyuta haikuzimwa vizuri, jambo ambalo tayari unalijua. Humo tafuta maingizo ya WHEA-Logger. Hiyo ikiwepo, prosesa yenyewe imeripoti kosa la vifaa.

Je, prosesa mpya haiwezi kuwa mbovu? Inaweza, na mfano mkubwa ni wa karibuni. Prosesa za Intel Core za dekstopu za kizazi cha 13 na 14 zilianza kuangusha programu na kugandisha mashine, na baadhi ya magemu yakawa yanadai kumbukumbu ya kadi ya picha imeisha wakati nafasi bado ipo tele. Mwaka 2024 Intel ilieleza kwamba mikrokodi ilikuwa ikiomba volti kubwa kuliko inavyofaa. Ikatoa marekebisho, 0x129 mwezi Agosti na 0x12B Septemba, na kuongeza udhamini kwa miaka miwili. Marekebisho hayo huzuia madhara mapya tu. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi. Kwa hiyo ukiuziwa i9-13900K iliyotumika kwa bei ya kushangaza, uliza ilikuwa kwenye BIOS ya toleo gani, na ikiganda, kabla hujamlaumu muuzaji rudisha yako ya zamani kwenye mashine uone kama kuganda kunakwisha. Kukiendelea na ile ya zamani, muuzaji hana deni lako. Tazama pawa saplai.