Amotiseri si resori

Juzi, hapa Goma, kwenye parkingi ya moto (pikipiki) karibu na Birere, kijana mmoja alimwonyesha mwenzake ile chuma nyekundu iliyojiviringa pembeni ya gurudumu la nyuma. "Angalia amotiseri yangu. Nimeikaza mpaka mwisho, sasa moto inashika barabara." Mimi ndiye niliyekuwa kiliya wake, yaani abiria, nikanyamaza mpaka aliponifikisha Katindo. Nilipomlipa nikamwambia kwamba alichokaza ni resori. Akanitazama kwa heshima kabisa: "Papa, si ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja. Resori hubeba uzito, na ikibanwa inasukuma kurudi. Amotiseri ni bomba lenye mafuta, na ndani yake pistoni yenye matundu madogo; mafuta yakilazimishwa kupita kwenye matundu hayo, mwendo wa kupanda na kushuka unapungua, nguvu yake inageuka joto. Resori inajali imebanwa kiasi gani. Amotiseri inajali inasukumwa haraka kiasi gani: isukume polepole, inakuachia, isukume kwa ghafla, inakataa. Ukiiacha peke yake bila resori haiwezi kubeba hata mtoto, itazama taratibu mpaka chini.

Siwalaumu wamotari. Kwenye moto zetu nyingi vitu hivi viwili vinavaliana, resori nje, bomba ndani, na muuzaji anavikabidhi kama kipande kimoja. Jicho linaona resori, mdomo unasema amotiseri. Lakini jina lenyewe lingetosha kutufundisha, kama tungelisikiliza.

Tumelipata kwa Kifaransa, amortisseur, kutoka amortir, na ndani ya amortir mmelala neno mort, kifo. Amotiseri ni kifishaji. Waliosoma komersiali wanalijua hili kwa njia nyingine: kwenye hesabu tulifundishwa amortissement, deni linalolipwa kidogo kidogo mpaka life, au mashine ambayo thamani yake inapungua mwaka hadi mwaka kwenye daftari. Ni neno lile lile na wazo lile lile: kitu hakikatwi kwa pigo moja, kinafishwa kwa awamu. Ndivyo mafuta yanavyofanya kwa mruko wa resori. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wanasema shokapu, lililotoka kwenye jina la Kiingereza linalomaanisha kifyonza-pigo, na hapo ndipo naona sisi tumebahatika. Pigo la jiwe linapokelewa kwanza na tairi, kisha na resori. Amotiseri inashughulika na kinachobaki baada ya pigo, yaani ule mtikiso usiotaka kuisha. Jina letu linasema kweli kuliko lao, halafu tunalibandika kwenye kitu ambacho hakijawahi kufisha chochote! Resori ikiachwa huru inarudisha karibu kila kilo uliyoipa.

Hata historia iliyatenganisha mambo haya. Moto zilikuwa na resori kwenye miguu ya mbele miaka mingi kabla ya mafuta kuingia humo. Kilichozuia mruko, pale kilipokuwepo, kilikuwa sahani za kusuguana. Ni mwaka 1935 ndipo BMW ilipouza R 12 yenye miguu ya bomba ndani ya bomba, na mafuta ya kufisha mruko ndani yake.

Sasa, kwa nini nimelishikilia jambo hili? Kwa sababu ya kona. Moto ni chombo chembamba, hakiwezi kupita kona kikiwa kimesimama wima, lazima kilale. Kwenye kona ya duara lenye nusu kipenyo ya mita 15, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, italala kama digrii 25, umebeba kiliya au hukubeba. Hapo tairi inadaiwa nguvu ya upande inayokaribia nusu ya uzito wote. Lami kavu inaweza kulipa deni hilo na chenji ikabaki. Lami yenye ule mchanga mweusi wa volkano juu yake, nina shaka.

Na mshiko wa tairi haukai kwenye meno yake peke yake. Unategemea tairi imegandamizwa chini kiasi gani katika dakika hiyo hiyo. Amotiseri ikiwa imekufa, gurudumu likipita kwenye jiwe linarukaruka: mara limekandamizwa sana, mara limeguswa tu na barabara. Kinachopatikana linapokandamizwa hakifidii kilichopotea lilipokuwa jepesi. Moto ikiwa wima unaona ni usumbufu wa kiuno tu. Ikiwa imelala, ni ndani ya kile kipande cha sekunde ambapo tairi ni nyepesi ndipo inapoteleza.

Tena moto ikilala, resori inaelemewa zaidi: kwa digrii 25 mzigo wake unaongezeka kama asilimia 10, kwa digrii 45 asilimia 41. Halafu jiwe linapiga kutoka chini kwenda juu, wakati mguu wa moto umelala na unaweza kujikunja kwa mshazari tu. Sehemu ya pigo inayokwenda kando haipokelewi na resori wala amotiseri. Inabaki kwa tairi na chuma za moto. Ndiyo maana kukaza resori mpaka mwisho, kama alivyofanya yule kijana, hakuongezi mshiko. Kunainua moto tu na kuipa resori nguvu ya kusukuma, bila kumwongezea mfishaji mafuta hata tone. Mimi mwenyewe niliwahi kukaziwa hivyo na fundi, nikaanguka upande wa Ndosho mvua ikinyesha, kwenye kona niliyoipita kila siku.

Chukudu ya kawaida, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, haina yote mawili. Gurudumu la mbao, kipande cha tairi la zamani kimepigiliwa misumari kuzunguka, basi. Nayo inalala kwenye kona, na mwenye chukudu analijua hilo kwa magoti yake: anayakunja na kuyanyoosha, na misuli yake ndiyo inayofisha mtikiso. Ukitaka kuona amotiseri inayofanya kazi bila kifuniko, simama karibu na rond-point Tchukudu utazame miguu ya anayeshuka na magunia ya viazi.

Kijana wa Birere nilimwomba ashuke, akandamize kiti kwa mikono miwili halafu aachie. Moto ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Nzima ingepanda mara moja na kutulia. Kisha akapitisha kidole kwenye fimbo ya chini ya bomba, kikatoka na uji mweusi, vumbi na mafuta yaliyovuja. "Basi resori ni nzima," akasema. Ndiyo, resori ni nzima. Kwa fundi aulize amotiseri, na ile resori aombe irudishwe ilipokuwa.