Kwa nini jibini ya ndimu haiyeyuki?

Mpishi wa Unguja anayefuata maelekezo ya pishi la kigeni hukutana mara kwa mara na jibini ambayo haiuzwi mtaani kwake, au ikiuzwa bei yake haishikiki. Kabla ya kuihangaikia, na ajiulize: jibini hiyo ikipata moto huyeyuka, au hubaki na umbo lake?

Ikiwa hubaki, kama paneer ya Kihindi inayotiwa katika mchuzi wa mchicha, basi badala yake inapatikana jikoni. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe huchemshwa, yakishafura huepuliwa, kisha hutiwa maji ya ndimu vijiko viwili au vitatu vya chakula, kidogo kidogo, huku mwiko ukizungushwa taratibu mpaka mabonge meupe yajitenge na maji ya kijani iliyofifia. Kifumbu cha tui hakifai, kwani matundu yake huyapitisha mabonge madogo. Hutumika kitambaa cha melimeli, ambacho hufungwa na kukandamizwa kwa kitu kizito muda wa saa moja hivi. Isipokandamizwa hubaki laini, ikakaribiana na ricotta ya Waitalia, ingawa ricotta ya asili hutengenezwa kwa maji yanayobaki baada ya kugandisha jibini nyingine, na jina lake lina maana ya "iliyopikwa tena".

Siri ya kutoyeyuka imo katika kaseini, protini kuu ya maziwa, ambayo chembe zake hushikamanishwa na madini ya kalisiamu. Mozzarella, jibini ya Kiitaliano inayowekwa juu ya pizza, hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho asili yake ni tumbo la ndama, na kalisiamu ya kutosha hubakia. Joto likiingia, mshikamano huo hulegea na jibini huvutika nyuzi. Ndimu huiondoa kalisiamu, na mchemko uliotangulia huwa umekwisha kuzinatisha protini nyingine za maziwa juu ya kaseini, kwa hiyo joto la pili haliilegezi jibini bali huzidi kuikaza.

Ndiyo maana haifai juu ya pizza ya Kiitaliano. Jibini ya dukani ya vipande vya pembetatu, ambayo wapishi wa bustani ya Forodhani, Unguja, huitia katika pizza zao, huyeyuka vizuri kwa sababu imeongezwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta yasijitenge. Ama mascarpone, jibini laini ya krimu ya Waitalia, mtindi uliotundikwa kitambaani usiku kucha huishika nafasi yake kwa uzito, lakini ni mchachu. Uchanganywe na krimu, na sukari iongezwe kidogo.