John Frusciante alivyorudi Red Hot Chili Peppers, na anachokisikia mpiga gitaa

Karibu kila mwaka nampata mwanafunzi anayekuja na "Scar Tissue", wimbo wa bendi ya roki ya Marekani, Red Hot Chili Peppers. Anaiweka simu juu ya amplifaya, ananichezea dakika moja, kisha ananiambia: "Mwalimu, hii naona nyepesi, tuanze nayo." Namwachia ajaribu. Kidole gumba kinagusa uzi mnene, kidole kingine kinagusa uzi mwembamba ulio mbali nao, na nyuzi za katikati zinatakiwa zikae kimya kabisa. Hapo ndipo kazi ilipo. Nyuzi za katikati hazikubali kukaa kimya mpaka ujifunze kuulaza ubavu wa kidole cha shahada juu yake bila kuubana ule unaotakiwa kulia. Vijana wengi huchukua wiki tatu kuuweka sawa mstari huo wa sauti mbili.

Ukishawekwa sawa ndipo namsimulia kwa nini umetungwa hivyo. Mtu aliyeutunga alikuwa ameiacha bendi kwa miaka sita, hakuwa na gitaa, na vidole vyake vilikuwa vimelegea. Maelezo mengi yanayotolewa kuhusu kurudi kwake ni habari za dawa za kulevya na urafiki. Ni kweli yote. Lakini mimi nafundisha gitaa, na ninachotaka kueleza ni kile kilichorudi kwenye muziki wenyewe.

John Frusciante aliingia Red Hot Chili Peppers mwaka 1988 akiwa na miaka 18. Alichukua nafasi ya mpiga gitaa Hillel Slovak, aliyefariki Juni mwaka huo kwa heroini. Frusciante alikuwa mpenzi wa bendi hiyo kabla hajawa mwanachama, na vipande vya Slovak alivijua kwa moyo. Albamu yake ya kwanza nao, Mother's Milk ya 1989, ina gitaa nene lenye makelele ambalo prodyuza Michael Beinhorn alilitaka na yeye hakulipenda. Ukiisikiliza unamsikia kijana anayepiga kila kitu anachokijua. Mpiga besi, Flea, naye anapiga kila kitu anachokijua. Hakuna anayempisha mwenzake.

Miaka miwili baadaye mambo yakageuka. Blood Sugar Sex Magik ilirekodiwa kwenye jumba moja la Laurel Canyon, Los Angeles, chini ya prodyuza Rick Rubin, ikatoka Septemba 1991. Flea aliamua kwa makusudi kupunguza mapigo, na Frusciante akapunguza naye. Wimbo uliowapeleka mbali zaidi, "Under the Bridge", ulianza kama shairi ambalo Rubin alilikuta kwenye daftari la mwimbaji Anthony Kiedis. Gitaa la mwanzo liko peke yake, halina haraka. Mwaka 1992 wimbo huo ulifika nafasi ya pili kwenye chati kuu ya Marekani, Billboard Hot 100.

Umaarufu huo ndio uliomkimbiza Frusciante. Alikuwa na miaka 22 tu, anaona bendi imekuwa kubwa mno, anatamani kumbi ndogo. Februari 1992 walipoupiga wimbo huo kwenye kipindi cha televisheni cha Saturday Night Live, alipiga utangulizi kwa namna ambayo Kiedis hakujua aingilie wapi. Kiedis ameandika kwenye tawasifu yake kwamba aliona amehujumiwa mbele ya nchi nzima. Niliutazama mkanda ule mara nyingi, na kila mara moyo unaniuma. Mwimbaji anategemea utangulizi wa gitaa kama abiria anavyomtegemea utingo ampe ishara ya kushuka. Ukimnyima, unamwacha hewani.

Tarehe 7 Mei 1992, wakiwa ziarani Japani, Frusciante alisema anaondoka. Walimbembeleza apige onyesho la siku hiyo, akalipiga, kisha akapanda ndege kurudi California.

Kwetu kuhama bendi ni jambo tunalolijua. Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano, na muziki ukasonga mbele pande zote mbili. Frusciante hakuhama. Alijifungia ndani na kuzama kwenye heroini. Alitoa albamu mbili za peke yake, mwaka 1994 na 1997, ambazo ni ngumu kuzisikiliza kwa sababu unamsikia mtu akififia. Mwaka 1996 nyumba yake iliungua, magitaa yakateketea. Meno yakaharibika ikabidi yang'olewe. Januari 1998 aliingia kwenye kituo cha tiba huko Pasadena, na alipotoka hakurudia tena.

Wenzake hawakukaa bure. Walipita wapiga gitaa kadhaa, kisha akaingia Dave Navarro, fundi hasa, wakatoa One Hot Minute mwaka 1995. Nawaambia wanafunzi wangu wasiidharau albamu hiyo. Tatizo lake ni kwamba Navarro anajenga ukuta mzito wa gitaa, tabaka juu ya tabaka, na Flea ni mpiga besi anayehitaji dirisha. Wawili hao wote ni hodari, lakini mahali pa kupumulia hakuna.

Navarro alipoondoka mwaka 1998, Flea alikwenda kumwona Frusciante akamwuliza kama atarudi. Hakuwa hata na gitaa. Kiedis akamnunulia Fender Stratocaster ya mwaka 1962, yenye rangi ya jua linalotua, kahawia pembeni na manjano katikati. Wakaanza mazoezi kwenye gereji ya Flea.

Hapa ndipo napenda kusimama. Gitaa ni kazi ya mikono kama kushona au kuchonga. Ukiiacha miaka kadhaa, ngozi ngumu ya ncha za vidole inaondoka, na ukikandamiza uzi unasikia maumivu kama mtoto anayeanza. Kasi inapotea kwanza. Kinachobaki ni sikio. Frusciante alirudi na sikio zima na mikono dhaifu, na ninaamini kabisa kwamba hali hiyo ndiyo iliyomwelekeza kwenye mtindo wa albamu iliyofuata, Californication. Hakuweza kukimbia, basi alichagua. Mstari wa "Scar Tissue" una sauti mbili zilizoachana mbali, moja ya chini na moja ya juu, na pengo lote la katikati ameliacha wazi. Besi na sauti ya mwimbaji zinaingia kwenye pengo hilo zikakaa kwa raha. Solo zake kwenye wimbo huo amezipiga kwa kibomba kinachovalishwa kidoleni na kuteleza juu ya nyuzi. Sauti inapanda polepole, inatulia, inashuka. Hakuna hata mpigo mmoja wa kujionyesha.

Wimbo wa "Californication" wenyewe nusura uachwe, kwa sababu maneno yalikuwepo na muziki ulikuwa haupatikani, hadi Frusciante alipoleta mstari wake wa gitaa siku za mwisho. Sikiliza mwanzo wake: uzi mmoja mmoja, polepole, na besi ya Flea inajibu pale gitaa linaponyamaza. Sauti ile nyembamba yenye mwangwi ni ya gitaa la Gretsch White Falcon, gitaa kubwa jeupe lenye tumbo wazi, alilolitumia pia kwenye "Otherside".

Albamu ilitoka Juni 1999 na imeuza nakala zaidi ya milioni 15 duniani. "Scar Tissue" ilikaa wiki 16 mfululizo kileleni mwa chati ya Modern Rock ya Marekani, ikapata Grammy ya wimbo bora wa roki. Malalamiko yangu ni moja tu, nayo ni ya kiufundi: walipoipitisha hatua ya mwisho kabla ya kuitoa, sauti iliongezwa kupita kiasi, hadi dramu za Chad Smith zinakwaruza. Muziki uliotungwa kwa pengo ukabanwa usipumue. Ukiwa na spika nzuri utalisikia, na inasikitisha.

Wakafanya By the Way mwaka 2002 na Stadium Arcadium mwaka 2006, albamu ya diski mbili yenye nyimbo 28. Kisha mwaka 2009 Frusciante akaondoka tena, safari hii bila ugomvi. Alieleza kwamba hamu yake ya muziki imeelekea kwingine, na kweli alizama kwenye muziki wa mashine, mwingine akautoa kwa jina la Trickfinger. Nafasi yake ilichukuliwa na Josh Klinghoffer, rafiki yake aliyekuwa akirekodi naye. Klinghoffer alikaa miaka kumi, akatoa albamu mbili na bendi. Tarehe 15 Desemba 2019 ikatangazwa kwamba yeye anaondoka na Frusciante anarudi. Kila ninaposikia watu wakishangilia siku ile, namfikiria Klinghoffer. Miaka kumi ya kazi ya mtu si kitu cha kurukwa. Alilizungumzia hadharani bila kinyongo, na kwa hilo namheshimu sana.

Marejeo haya ya pili ndiyo yaliyonigusa zaidi, kwa sababu yaliniangukia mwenyewe. Niliwahi kuiacha bendi tuliyokuwa tukipiga hotelini, nikaenda Tanga kumuuguza mama, nikakaa miaka mitatu. Niliporudi, nyimbo nilikuwa nazijua zote. Lakini usiku wa kwanza, kila nilipotaka kuingia nilimkuta mpiga besi wetu ameshaingia. Miaka mitatu yote alikuwa amejifunza kuziba mahali nilipokuwa nimetoka, na mkono wake haukujua kwamba nimerudi. Hatukugombana. Kaka yule alinifuata mchana barazani na besi yake, hatukuunganisha hata amplifaya, tukaanza kupiga vibao vya zamani vya Kikongo ambavyo si vyake wala si vyangu. Tukafanya hivyo siku nne. Siku ya nne nikaona ananiachia mahali.

Kwa hiyo niliposoma jinsi Red Hot Chili Peppers walivyoanza upya na Frusciante, nilielewa mara moja. Hawakuanza na nyimbo zao. Walikaa wakapiga nyimbo za zamani za watu wengine, blues miongoni mwazo. Ukianza na wimbo mliourekodi wote, kila mmoja anarudi kwenye kumbukumbu yake, na kumbukumbu zenu hazilingani. Wimbo wa mtu wa tatu hauna deni kwa yeyote.

Baadaye walirekodi karibu nyimbo 50 na Rubin. Zikatoka albamu mbili ndani ya mwaka 2022, Unlimited Love mwezi Aprili na Return of the Dream Canteen mwezi Oktoba, kila moja na nyimbo 17; ya kwanza ikaingia namba moja Marekani, ya pili namba tatu. Kwa sikio langu ni nyingi mno. Albamu moja yenye nyimbo 14 ingetosha. Lakini chukua "Black Summer", uweke sikio kwenye besi, si kwenye gitaa. Gitaa likipanda, Flea anakaa chini. Gitaa likishika sauti moja ndefu, Flea anatembea. Juma lililopita nilimpigia wimbo huo mwanafunzi wangu wa "Scar Tissue", akausikiliza mara mbili, kisha akalichukua gitaa, akaulaza ubavu wa kidole juu ya zile nyuzi za katikati, na zikanyamaza.