Ubunifu wakati wa mabadiliko: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mbunifu kazi yake ni kupendezesha.

Tazama gari la umeme. Likienda polepole halina mvumo wa injini, na matairi hayasikiki vizuri mpaka mwendo ukolee. Asiyeona hajui kama linakuja. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinalitaka litoe sauti tangu linapoondoka hadi kilomita 20 kwa saa, na linaporudi nyuma pia: angalau desibeli 50 likiwa kwenye kilomita 10, na 56 likifika 20. Ukubwa wa sauti peke yake hautoshi. Mlio usiobadilika haumwambii mtu kama gari linaongeza mwendo au linasimama, ndiyo maana sauti hupanda na kushuka pamoja na mwendo. Kuna mtu aliyekaa akaibuni sauti hiyo, na haina rangi wala umbo.

Dhana: Watu hawapendi kitu kipya.

Mara nyingi wanachoogopa ni kupoteza mazoea ya mkono. Mwaka 1955 Waswidi walipiga kura, na takriban asilimia 83 wakakataa kuacha kuendesha upande wa kushoto. Bunge likaamua vinginevyo mwaka 1963, na hapo ndipo kazi ilipoanza: taa za magari zielekezwe upya, milango ya mabasi ihamie upande wa pili, alama za barabarani zisimikwe mapema na kufunikwa. Nembo ya herufi H, ya neno la Kiswidi lenye maana ya kulia, iliwekwa hata kwenye pakiti za maziwa. Jumapili, Septemba 3, 1967, saa 10:50 alfajiri, magari machache yaliyoruhusiwa barabarani yalisimama, yakavuka taratibu kwenda kulia, yakangoja hadi saa 11:00 kamili.

Ajali zilipungua mwanzoni kwa sababu kila dereva alikuwa macho. Mazoea yalipokomaa, zikarudi. Anayepima mafanikio kwa wiki ya kwanza anajidanganya.

Dhana: Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya wenye ulemavu ni cha wachache.

Kisu cha kumenyea cha kampuni ya OXO cha mwaka 1990 kilipewa mpini mnene wa mpira kwa kuwafikiria wenye baridi yabisi mikononi. Mkono wenye maji nao haukitelezeshi.

Dhana: Majaribio yanahitaji mamia ya watu.

Anza na watano. Tatizo linalowakwamisha watu 31 katika kila 100 lina uwezekano wa asilimia 84 hivi wa kujitokeza kati yao. Linalomkwamisha mmoja katika 100 halifiki hata asilimia 5, kwa hiyo usitangaze kwamba kifaa hakina kasoro. Mpe kila mtu kazi moja halisi, nyamaza, andika pale mkono unaposita. Rekebisha, kisha waite wengine watano. Ukimwonyesha mtu kitufe kilipo, jaribio lake limeharibika: futa majibu yake, tafuta mwingine.