Kioo si kioo tu: dhana potofu katika upimaji wa isotopu

Dhana: Isotopu za elementi moja (atomi zake zenye uzito tofauti) hazitofautiani kikemia, kwa hiyo muundo wa kioo, yaani elementi zilizomo ndani yake, hauhusiki.

Tofauti ni ndogo, kweli, lakini ndiyo hiyo inayotafutwa. Matokeo ya oksijeni-18, isotopu nzito ya oksijeni, huandikwa kwa sehemu za elfu juu au chini ya uwiano wa maji ya bahari ya rejea, na makosa ya sehemu mbili yanatosha kuharibu hitimisho. Katika spektromita ya ioni (mashine inayopima uzito wa atomi zenye chaji), mwale wa ioni za seziamu hupiga uso wa kioo, kwa mfano cha volkano, na kung'oa atomi. Nyingi hutoka bila chaji. Mashine huziona zile chache zilizotoka zikiwa ioni. Isotopu nyepesi hutoka kwa kasi zaidi na huwa na nafasi kubwa ya kubaki na chaji, basi huhesabiwa kupita kiasi chake halisi. Kupita kwa kiasi gani? Hapo majirani wa atomi huamua: silika, chuma, magnesiamu, sodiamu, hata maji yaliyonaswa ndani ya kioo. Hii ndiyo athari ya matriki.

Dhana: NIST 610 inatosha kusahihisha kila kioo.

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu kioo hicho cha taasisi ya viwango ya Marekani kimo karibu kila maabara. Ni kioo cha kutengenezwa: silika takriban 72%, oksidi ya sodiamu 14%, ya kalisi 12%, ya alumini 2%. Chuma na magnesiamu zimo chini ya 0.1%, ilhali katika basalti, jiwe jeusi la volkano, oksidi ya chuma pekee hukaribia 10%. Kinafaa kukagua kama mashine imetulia. Kusahihishia basalti ni jambo jingine.

Tufanye hesabu kwa nambari za mfano. Kioo rejea A (yaani kioo ambacho thamani yake halisi inajulikana) kina silika 50%, na mashine inakisoma pungufu kwa sehemu 4.0 za elfu. B kina silika 74%, kinasomwa pungufu kwa 1.6. Sampuli yako ina silika 62% na imesomeka +3.2. Kwa kuwa iko katikati kabisa, pengo lake ni 2.8, na thamani halisi ni +6.0. Ukitumia A peke yake utapata +7.2, ukitumia B, +4.8. Basalti safi ya kutoka vazi la Dunia, tabaka lililo chini ya gamba, huwa karibu na +5.5. Kwa hiyo A itakufanya uandike kwamba magma ilimeza miamba ya gamba la Dunia, na B kwamba ilikutana na miamba iliyobadilishwa na maji ya moto. Hadithi mbili zinazopingana, kutoka kipande kilekile! (Kwa usahihi kamili, uwiano huzidishwa badala ya kujumlishwa, ila kwa nambari ndogo hivi tofauti haionekani.)

Mstari wa silika pekee nao mara nyingi hautoshi. Vioo viwili vyenye silika sawa lakini chuma au maji tofauti vinaweza kuachana. Ndiyo maana hutumika seti pana ya vioo vilivyoyeyushwa kutoka miamba ya asili, kama KL2-G ya Hawaii, ATHO-G ya Iceland na GOR132-G ya kisiwa cha Gorgona nchini Kolombia, ambavyo thamani zao zimepimwa kwa njia nyingine huru. Sampuli ikiangukia nje ya seti, usivute mstari kuifuata. Tafuta kioo kingine.

Dhana: Vipimo vikirudiwa na kulingana, ni sahihi.

Vimelingana tu. Mashine inaweza kurudia kosa lilelile ndani ya sehemu 0.2 za elfu siku nzima.

Dhana: Ukishapata mlinganyo wa masahihisho, unao milele.

Mlinganyo ni wa kikao kile. Ukibadilisha mpangilio wa lenzi, nishati ya ioni zinazoruhusiwa kupita au hali ya kigunduzi, mteremko wenyewe unaweza kuhama. Vioo rejea hupimwa upya kila kikao, vikipishanishwa na sampuli, wala si vyote asubuhi kisha vikasahauliwa.