Huduma ya Michezo: Maana Yake na Mipaka Yake

Huduma ya michezo ni kazi ya Mkristo, au ya kanisa, ya kuiishi imani na kuieleza kati ya watu anaocheza nao. Inaweza kuwa timu ya mtaa yenye kocha aliyeokoka, au mashindano ya likizo ya Disemba yaliyoandaliwa na vijana wa kanisa. Inaweza pia kuwa mchezaji mmoja tu ndani ya timu ya watu wa kila dini, ambaye wenzake wamemjua kwa jinsi anavyoupokea uamuzi wa refa hata unapomuumiza.

Hapa Malindi wengi wakisikia habari hizi hupata picha nyingine: watoto wanaitwa kucheza, wanagawiwa jezi, kisha mpira unasimamishwa na kipaza sauti kinawashwa. Mambo hayo hutokea, na mimi nayapinga. Mpira ukigeuzwa chambo, mtoto hujiona amevuliwa kama samaki, na siku nyingine haji. Mzazi wake naye hatakuamini tena.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa mbio na wa ngumi kueleza nidhamu ya mwamini. Wasomaji wake walimwelewa upesi, kwa kuwa karibu na mji wao, huko Isthmia, michezo mikubwa ilifanyika kila baada ya miaka 2. Lakini kuufanya mchezo wenyewe uwe uwanja wa huduma ni jambo lililoshika kasi karne ya 19. Chama cha vijana Wakristo, YMCA, kilianzishwa London mwaka 1844 kwa ajili ya vijana waliofurika mjini kutafuta kazi. Mwaka 1891, katika chuo chake cha Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alibuni mpira wa kikapu. Mwaka 1895 William Morgan, naye wa YMCA, akabuni voliboli mjini Holyoke. Kwa hiyo vijana wanaofunga wavu jioni kwenye mchanga wa ufuo wetu wanacheza mchezo uliotoka mikononi mwa watu wa huduma, ingawa hakuna anayelazimika kulijua hilo ili afurahie kucheza.

Mtu anayenifunza zaidi ni Eric Liddell, mkimbiaji wa Uskoti. Katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili. Akaingia mita 400, mbio ambazo hazikuwa zake hasa, akashinda kwa sekunde 47.6. Wahubiri wengi huishia hapo. Mimi naona kilichofuata ndicho kizito. Mwaka 1925 alikwenda China, nchi aliyozaliwa, akawa mwalimu na mmisionari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajapani walimfungia katika kambi ya Weihsien pamoja na watoto wengi waliotenganishwa na wazazi wao. Aliwafundisha na kuwaandalia michezo, ila si siku ya Jumapili. Watoto wakacheza hoki wenyewe Jumapili moja, wakaishia kupigana. Baada ya hapo yule aliyekataa kukimbia Jumapili alikubali kusimama uwanjani siku hiyo hiyo awe refa wao. Hakuwa ameiacha imani yake. Aliwaona watoto wanaomhitaji. Alifia kambini Februari 1945, kwa uvimbe wa ubongo.

Sasa tuirudishe kwetu. Timu ya Maweni au Muyeye, mitaa ya hapa Malindi, ina Waislamu na Wakristo, na wengine ambao hawajishughulishi na dini yoyote. Kocha Mkristo mwenye akili hapangi mazoezi Ijumaa mchana, hagongani na swala ya alasiri, na mwezi wa Ramadhani hawakimbizi waliofunga juani kana kwamba hajui. Akimweka benchi kijana hodari ili ampe nafasi mtoto wa mzee wa kanisa, ameishaihubiri injili ya uongo kabla hajafungua mdomo. Na asifikiri kwamba yeye ndiye anayewaletea watu wa mwambao wazo jipya. Maulidi ya Lamu huja na mbio za punda, mashindano ya majahazi na kuogelea, na watu wa huko hawaoni ajabu dini na michezo kukaa ua mmoja. Mkristo anayeingia Lamu na mpira wake ni mgeni, na mgeni hubisha hodi.

Jambo la uwazi nalitilia mkazo kwa sababu ya Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga kula. Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu ule, mzazi wa Malindi akisikia mhubiri anakusanya watoto ana haki ya kuuliza maswali magumu. Ajibiwe. Aambiwe mapema nani anawafundisha, wapi, saa ngapi, na kama kutakuwa na maombi au neno la Mungu. Neno hilo liwe na wakati wake, tuseme baada ya mechi, na asiyetaka aende zake na jezi yake mwilini. Katiba ya Kenya, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuidhihirisha na kuifundisha imani yake, na papo hapo inakataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Sehemu zote mbili zinamhusu kocha.

Ushuhuda basi huja vipi? Mara nyingi huanza na swali. Baada ya kufungwa kwa penalti tata, kijana anamwuliza kocha kwa nini hakumtukana refa. Mwingine, ambaye muguka, majani ya kutafuna yanayolevya, imemwelemea, anataka kujua kocha mwenyewe aliachaje. Petro aliwaambia waamini wawe tayari kumjibu yeyote anayewauliza habari za tumaini lao, na wajibu kwa upole. Hapo kocha amtaje Yesu waziwazi, bila kuona haya, kwa maneno machache. Na yule asiyeuliza lolote, msimu baada ya msimu, aendelee kupata namba yake kikosini kwa uchezaji wake.